Maziwa Safi Kupita Yote ya Bel-Air

Jumatatu, 10 Juni 1974
Baridi kali. Mzee Nasoro ametangaza: rafu ya duka lake hapa mtaani Bel-Air itabeba maziwa ya mgando ya mtu mmoja tu. Ataonja Ijumaa baada ya swala. Tuko wawili: mimi na Mama Rabia. Mke wangu Wivine ameongeza sharti lake. Nikishindwa, Jumamosi nahamia shamba huko Kasungami kulima kwa kaka yake, Chomba. Mimi! Mwenye diplome ya sekondari!
Mama Rabia haoshi kibuyu chake. Huacha kidogo cha jana ndani, akamimina maziwa ya leo juu yake. Uchafu mtupu! Nitamwangusha kwa sayansi.

Jumanne, 11 Juni
Liévin, rafiki yangu anayefagia maabara moja mjini, ameniazima taa kuukuu ya urujuanimno. Kazi yake kuua vijidudu. Nimeuliza inaua vipi. Amesikiliza maprofesa miaka sita, anajua. Ndani ya kijidudu, amesema, mna uzi wa ADN, ndio daftari la amri zote. Protini ni makarani: hushika uzi, huusoma, huunakili, huurekebisha ukiharibika. Mwanga huu huharibu uzi na kuwapinda makarani. Wengine hawawezi tena kuushika. Wengine hugandamana nao wasiweze kuuachia. Kazi inasimama.
Karani aliyenata kwenye faili! Nikasema ofisi za namna hiyo nazijua. Liévin akatazama mlangoni kwanza, ndipo akacheka. Amenionya nisiitazame taa ikiwaka.

Jumatano, 12 Juni
Nimeitazama taa. Dakika kumi tu, kuhakikisha inafanya kazi. Inafanya kazi. Macho kama yametiwa mchanga. Mama Rabia kapita uani, akaniuliza mbele ya majirani: "Papa Mumba, unalia nini? Ijumaa haiyafika!" Nikamjibu nalilia matumbo ya wateja wake. Watu wakacheka sana. Walimcheka yeye, nadhani.

Alhamisi, 13 Juni
Leo kila kitu kwa mpango. Nimechemsha maziwa mara mbili. Mbegu ya kugandishia nimemtuma jirani akainunue kwa Mama Rabia mwenyewe, maana ndiyo inayoganda vizuri. Lakini ilibidi kuisafisha! Nimeipaka kwenye sahani, utando mwembamba kabisa. Saa mbili nzima chini ya taa, nikiikoroga kila baada ya dakika tano. Mgongo nimeipa taa. Kisha nimeitia kwenye maziwa vuguvugu, nikafunika sufuria kwa blanketi la Wivine.
Wivine ameuliza kwa nini blanketi lake. Nimemwambia: sayansi. Ameondoka kumpelekea Chomba habari atafute jembe la pili.

Ijumaa, 14 Juni
Mzee Nasoro ameanza na ya Mama Rabia. Kijiko kilisimama chenyewe. Kisha akainamisha bakuli langu. Yakakimbia kama maji ya bomba. Akasema kwa upole: "Mumba, mwanangu, hii iko maziwa ya chai." Mama Rabia akadakia kwamba ni safi kweli, hata mgando umeogopa kuingia.
Nikasimama wima. Nikawatangazia wote kwamba humo hamna kijidudu hai hata kimoja. Mzee akakubali. Akaagiza chai.
Jioni Liévin kaja kuchukua taa. Ati vijidudu vya mbegu ndivyo vinavyogandisha maziwa! Ati nimewaangamiza makarani kabla hawajaripoti kazini! Nimemjibu kwamba Mama Rabia ndiye aliyemhonga aseme hivyo. Rafu nimeikosa. Hoja bado ni yangu.

Jumapili, 16 Juni, Kasungami
Malengelenge manne mkononi. Nimelima mistari sita, iliyonyooka kuliko ya Chomba. Mkewe hutengeneza munkoyo, kinywaji cha mahindi. Watu huufuata kutoka hata mtaa wa Golf, mjini. Nimechungulia pipa. Linatoa mapovu! Kitu hai kinapumua mle! Nimemwambia Chomba, "Shemeji, unauza vijidudu." Amenijibu nirudi kwenye mistari yangu.
Hawa watu hawajui hatari. Umeme huku hakuna, lakini Liévin alikiri kwamba jua nalo lina mwanga huo. Kesho wote wakienda sokoni, pipa zima nalimwaga juu ya mabati, lianikwe mpaka mapovu yaishe. Watanishukuru.