Kuhusu Jirani Aliyeng'arisha Mkanda wa Feni Yangu

Shamba la Haugstad,
Elmdal, Wisconsin.
Wiki ya kukata majani kwa mara ya pili.

Kwa Mchungaji Sundby, Kanisa la Kilutheri la Elmdal,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba wewe na mama mchungaji hamjambo na joto hili. Sisi tu wazima, ukiacha tingatinga.

Naandika kumshtaki Delmar Skogen, jirani yangu, yule anayesimama mlangoni pa kanisa kila Jumapili akipeana mikono kama anawania ubunge. Kosa lake ni wema. Nakuomba usicheke, maana mimi sicheki.

Unalijua lile tingatinga langu dogo la kuondolea samadi, lenye ndoo mbele, linalogeuka papo hapo liliposimama. Alilinunua marehemu baba, na sasa limechakaa sawa na mimi. Mwezi uliopita Delmar aliliazima kutandaza kokoto uani kwake kabla ya harusi ya binti yake. Nikampa kwa moyo mweupe. Desturi ya bonde hili unaifahamu: kitu cha kuazima hurudishwa kikiwa safi kuliko kilivyotoka, na tangi likiwa limejaa. Desturi hiyo siipingi. Napinga mtu kuifuata kwa sifa.

Lalamiko la kwanza. Aliliosha kwa mashine ya maji ya kasi mpaka rangi nyekundu ikaonekana, na mke wangu Arlys akadhani tumeletewa mashine ya mtu mwingine. Uchafu ule ulikuwa na kazi, Mchungaji. Ulikuwa umeziba mvujo wa oili tangu enzi za baba. Sasa oili inadondoka, na paka wangu wote wana migongo myeusi.

Lalamiko la pili, ambalo ndilo lenyewe. Delmar alibakiwa na dawa ya kung'arishia matairi, aliyoinunua kwa ajili ya gari la bwana harusi, akaona vibaya kuimwaga. Akapaka matairi. Akapaka kiti, nami nikateleza hadi kwenye pedeli. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa injini, akauona mkanda wa feni, mkavu na uliofifia, akauonea huruma, akaupaka nao. Mkanda wa feni, Mchungaji, kitu ambacho kazi yake yote hapa duniani ni kushika. Sasa puli, lile gurudumu la kuuvuta mkanda, inazunguka, mkanda unateleza juu yake ukilia kama nguruwe, na feni inajipepea kivivu. Rejeta inachemka kabla sijamaliza upande mmoja wa zizi.

Nimeufuta kwa kitambaa. Nimeukaza mpaka bolti imefika mwisho. Haushiki. Inabidi uvuliwe, puli zisafishwe, uwekwe mpya, na mkono wangu wenye bega bovu haufiki kule ndani. Wa Delmar unafika. Ana mikono mirefu na myembamba, iliyoumbwa kwa ajili ya kuingia kwenye mashine za watu wengine. Wakati huo ng'ombe wangu wamesimama kwenye samadi hadi vifundoni, na mkaguzi wa maziwa anaweza kuingia wakati wowote. Akiwaona hivyo atanizuia kuuza, nasi hatuna kingine cha kuishi nacho.

Lalamiko la tatu linahusu malezi. Nilimkuta Delmar kwenye kahawa baada ya ibada, nikamwambia waziwazi, "Ile feni siku hizi inapenda kupumzika." Kwa watu wa hapa huo ni ukali wa kutisha.

"Joto la mwaka huu si mchezo, jirani," akasema. "Nije nikuangalizie?"

Nikajibu kama mtu aliyelelewa. "Aa, usijisumbue."

"Una hakika? Si kazi kubwa, bwana."

"Hapana, una majani yako ya kukata."

Halafu nikasubiri. Hata mtoto wa hapa anajua kwamba mtu hukataa mara mbili, na ya tatu ndipo hukubali. Kipande cha mwisho cha pai huliwa hivyo. Delmar akasema, "Haya basi," akaenda zake kuchukua biskuti. Mara mbili tu. Mzee mzima, mzaliwa wa hapa, aliyebatizwa kwenye beseni lile lile nililobatizwa mimi.

Tangu siku ile hatujaongea. Tukipishana barabarani kila mmoja anainua kidole cha shahada juu ya usukani, kwa sababu sisi si wanyama, lakini hakuna anayesimama. Zamani tulikuwa tunasimama, tunazima injini, tunaongea mpaka wake zetu wanapiga simu. Ninakosa kule kusimama, na hilo liandike kama lalamiko la nne.

Kwa hiyo naomba uhubiri dhidi ya wema uliopitiliza. Andiko najua utalipata. Umwondoe mlangoni, maana mkono wake unaniharibia toba kabla ibada haijaanza. Umhamishie benchi la mbele kabisa, ambako hakuna Mlutheri aliyewahi kukaa kwa hiari. Na asipotubu, ubadilishe ramani ya makaburi. Baba zetu walinunua viwanja vinavyogusana pale chini ya misonobari, na mimi siko tayari kulala kando ya Delmar hadi ufufuo, huku akiniuliza kila asubuhi kama niko sawa, mara mbili.

Msalimie mama mchungaji, wanakwaya, na kina mama wa kahawa. Arlys angewasalimu pia, ila hajui kwamba naandika.

Wako katika imani, na katika samadi,

Orrin Haugstad

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika stempu Delmar alipoingia uani na mkanda mpya begani. "Jirani," akasema, "una hakika kabisa hutaki niangalie?" Nikamwambia, "Basi, kama huna shughuli." Puli ameziosha kwa sabuni, mkanda umeshika, na feni sasa inapeperusha kofia. Zizi ni safi. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu haibanduki. Alisahau spana yake hapa, kwa hiyo nimeiosha, nikaipaka ile dawa ya matairi aliyoiacha chini ya kiti cha tingatinga, inapendeza sana. Jioni nampelekea. Akikuandikia kuhusu spana isiyoshikika, usimsikilize. Na viwanja vya makaburini viache vilivyo.