Visanduku Kumi na Saba vya Duka la Mapazia

Jumatatu, 4 Machi

Dada, mwenye duka, kaondoka! Wiki nzima anakwenda kumuuguza mama mkwe wake. Katuachia kazi moja: mapazia arobaini ya bweni la wasichana, yawe yametundikwa Ijumaa kabla wazazi hawajafika kutembelea shule. Akirudi atachagua msimamizi wa duka, maana yeye anahamia duka jipya. Ni mimi au Mama Sindano, fundi wetu wa kushona. Babu Pasi, mnyoosha nguo, kasema hataki cheo, anataka pasi isiyomuunguza. Kimya, mkataji, hakusema kitu. Ndiyo kawaida yake.

Mama Sindano ameshona hapa miaka kumi na tisa. Mimi ni ndugu wa damu. Damu nzito kuliko maji, na bila shaka nzito kuliko uzi. Lakini Dada ni mtu wa ajabu, hutazama kazi.

Dawa nimepata. Wiki iliyopita nilipeleka mapazia kwenye ofisi ya maji. Ukutani wana chati ya muundo wa ofisi: visanduku, mistari, na Mkurugenzi juu kabisa peke yake. Nikamuuliza karani huyo bwana hufanya nini. Akasema hajui, hajawahi kumwona. Hicho ndicho cheo!

Nimenunua karatasi kubwa na kalamu tatu za rangi.

Jumanne, 5 Machi

Chati imekamilika. Visanduku kumi na saba. Tatizo dogo: watu tuko wanne. Mama Sindano kapata kimoja (Ushonaji), Kimya kimoja (Ukataji), Babu Pasi kimoja (Unyooshaji). Cha Katibu wa Mkurugenzi nimekiacha wazi, si vizuri mtu kuwa mlafi. Vilivyobaki kumi na vitatu nimejitwika mwenyewe. Mkurugenzi, Mkuu wa Mapokezi, Mkuu wa Vipimo, Mkuu wa Ubora, Mkuu wa Uchukuzi, Mkuu wa Nidhamu... mkono umechoka kuandika.

Nimetangaza sheria. Maneno ya kazi yanapita kwenye mstari tu. Mama Sindano na Kimya wanatazamana kwenye meza moja, lakini ni idara mbili na hakuna mstari kati yao. Mama Sindano akauliza, je, akitaka mkasi ulio mbele ya Kimya? Nikamweleza: ataniomba mimi Mkurugenzi, nitamwagiza Kimya, Kimya atanikabidhi, nami nitamkabidhi yeye. Kisha akaniomba mkasi. Amenikubali!

Kufikia saa kumi nilikuwa nimeizunguka meza ile mara sitini na moja. Mkasi, chaki, uzi, mkasi, mkasi. Babu Pasi kasema tangu anijue hajapata kuniona nikichapa kazi namna hii. Nyayo zinawaka moto. Mke wangu kanitilia maji ya vuguvugu kwenye beseni, akauliza ni mkurugenzi wa wapi anayetumwa mkasi. Mambo ya uongozi hayajui.

Jumatano, 6 Machi

Simu asubuhi. Matroni wa shule kasema waashi wameyarefusha madirisha ya bweni hadi karibu na sakafu, kwa hiyo vipimo nilivyochukua mwezi uliopita havifai tena. Kila pazia liongezwe futi mbili.

Habari nzito! Nikaipokea kama Mkuu wa Mapokezi. Nikamwandikia barua Mkuu wa Vipimo (mimi) kupitia kwa Mkurugenzi (mimi). Nikaitia kwenye bahasha, nikaandika SIRI, nikaiweka mezani kwa Mkurugenzi. Kisha nikazunguka nikakaa upande wa pili. Mkono ukaenda kwenye bahasha. Nikauzuia. Mkurugenzi hafungui barua mwenyewe! Hufunguliwa na katibu wake, na katibu bado hatujaajiri. Tukianza kuvunja utaratibu juu, huko chini itakuwaje? Bahasha nimeikalisha chini ya kikombe cha chai isipeperuke.

Mama Sindano alikuwa ameniona kwenye simu. Akauliza kama matroni kasema lolote kuhusu mapazia. Nikamkumbusha kwamba kati ya Ushonaji na Mapokezi hakuna mstari. Akasema, “Haya, baba,” akaendelea kukanyaga cherehani. Nilimwonea huruma kidogo. Ila cheo ni cheo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ngumu. Mkuu wa Uchukuzi (mimi) alichelewa kazini, ikabidi Mkuu wa Nidhamu (mimi) amwite kikaoni. Nilijitetea vizuri mno. Nilisema nilipitiwa na usingizi kwa ajili ya majukumu. Nikajisikiliza bila upendeleo. Nikajipa barua ya onyo. Nikakata rufaa kwa Mkurugenzi, naye akaifuta papo hapo. Mkuu wa Nidhamu kanuna mpaka sasa. Fahali wawili hawakai zizi moja, na humu mwangu wamo kumi na watatu.

Kikao kilipokwisha saa nane, nikakuta mapazia yote arobaini yameshonwa, yamenyooshwa, yamekunjwa. Nikashtuka: tangu asubuhi hakuna aliyeniomba mkasi! Kumbe Mama Sindano kaja na wake kutoka nyumbani. Uasi! Nimemwandika kwa kalamu nyekundu.

Kama Mkuu wa Ubora nilipaswa kuyapima mapazia kabla ya kutia sahihi. Nimetia bila kuyafunua. Si heshima kumshuku Mkuu wa Vipimo, mtu ninayemfahamu tangu utotoni.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Aibu isiyobebeka!

Tumetundika. Mapazia yameishia futi mbili juu ya kingo za chini za madirisha, yote arobaini, sawasawa kabisa. Ukisimama uwanjani unamwona matroni kuanzia magotini kushuka, na miguu ile ilikuwa imekasirika. Mzazi mmoja aliyewahi kufika akauliza hapa ni bweni au duka la viatu.

Matroni akatoka. Akataka kujua nani alipokea simu yake. Nikamjibu ni Mkuu wa Mapokezi. Akauliza yuko wapi. Nikamshauri alete malalamiko kwa maandishi. Alinisogelea hivi, na mimi nikarudi nyuma hivi, mpaka nikakaa kwenye ndoo.

Mama Sindano hakunitupia hata jicho. Akapima pengo kwa utepe, akamwita Kimya. Moja kwa moja, bila mstari! Na Kimya akazungumza! Sentensi mbili nzima. “Tunacho kitambaa cha buluu. Tuunge mkanda chini.” Wakaleta cherehani kwenye bwalo la chakula, Babu Pasi akachomeka pasi yake, na kufikia saa tisa kila pazia lina pindo la buluu linalogusa ukingo. Matroni kasema yanapendeza kuliko alivyoagiza.

Mimi nilikuwa nimeshika ncha za vitambaa. Nilijiona mdogo, sina faida. Kama dakika mbili hivi.

Jumamosi, 9 Machi

Dada karudi. Matroni alishamsimulia kila kitu. Hakunifokea. Heri angenifokea.

Alisimama mbele ya chati yangu, akaweka kidole, akaufuata mstari. Nani hupokea simu? Kidole kikafika kwangu. Nani hupima? Kwangu. Nani alikagua? Kwangu. Akageuka akasema, “Mdogo wangu, umenirahisishia kazi. Sijawahi kumpata mkosaji upesi hivi.”

Akaiona bahasha chini ya kikombe. Akaifungua, akaisoma, akaniuliza kwa nini sikuifungua. Nikamweleza suala la katibu. Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na nimeogopa kuuliza.

Msimamizi ni Mama Sindano. Dada kachora chati yake nyuma ya karatasi yangu: visanduku vinne tu. Juu Mama Sindano, katikati Kimya na Babu Pasi, chini kabisa mimi. Kazi yangu: kuchomeka kulabu za mapazia. Imeniuma, sifichi. Nilikitaka kile cheo, na zaidi nilitaka Dada, walau mara moja, anione mtu.

Mama Sindano kanishika bega, akasema nisivunjike moyo, hata yeye alianzia kwenye kulabu. Huruma ya aliyekushinda inawasha kuliko upupu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika wa kwanza kazini! Nimeikagua chati ya Dada kwa utulivu, na nimegundua kasoro. Imetundikwa kwa msumari mmoja, na hakuna popote palipoandikwa upande upi ndio juu.

Nimeigeuza juu chini.

Sasa niko juu peke yangu. Kimya na Babu Pasi katikati, Mama Sindano chini kabisa akitubeba sote. Maandishi yamesimama kichwa chini, lakini hilo ni suala la mafunzo tu. Babu Pasi kaingia, kaitazama, kainamisha shingo mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaenda zake kwenye pasi. Heshima imeanza kurudi.

Nimebandika tangazo mlangoni. Kuanzia kesho saa moja na nusu asubuhi, zoezi la shingo kwa wafanyakazi wote. Dada pia.