Ombi la Kukaushwa kwa Bustani ya Bi Zorka

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu wewe na mitambo yako, nikitumai vumbi halijaiingia kama linavyoingia kwenye chai yangu ninapoandika. Mimi ni Desmond Trewin, mzaliwa wa hapa Gunyarra, mwalimu mstaafu wa hesabu na mkuza waridi. Si mtu wa malalamiko. Mke wangu Noreen ataipinga sentensi hiyo, lakini hajaulizwa.

Kama ujuavyo, majira haya ya machipuko hayakuchipua kitu. Agosti ilipita bila mvua, Septemba ikaiga, na Oktoba imetuletea upepo wa jangwani tu. Halmashauri ilipopiga marufuku kumwagilia kwa mpira, tulitii. Ukoka wetu umegeuka rangi ya mkate wa kuchoma, na mtaa mzima umekauka kwa umoja na heshima. Isipokuwa nyumba moja. Jirani yangu, Bi Zorka Matulic, mjane aliyekuja huku kutoka Kroatia akiwa msichana, ana bustani ya kijani. Naomba kwa unyenyekevu, kupitia gazeti lako, Halmashauri iiamuru ikauke. Sababu zangu ni hizi:

1. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Sisi tumehudhuria, kila mtu na mche wake uliokufa. Bi Zorka amekataa kuja. Asubuhi anatoka na kapu la saladi, anatabasamu na kuuliza, "Jirani, umeamkaje?" Mtu mwenye bustani kama yangu ajibu nini?

2. Nilidhani anaiba maji. Nikamwita afisa wa Halmashauri, akaja, akakagua bomba na mita. Ikaonekana mama huyu anaogea kwenye beseni, anafulia kwenye beseni, anaoshea vyombo kwenye beseni, kisha kila tone linakwenda kwenye matuta. Juu ya udongo ametandaza sufu chafu ya kondoo, hivyo jua halipati pa kupenya. Afisa akaniambia, "Mzee Trewin, hakuna sheria inayomkataza mtu kuoga." Pengo hilo la sheria lizibwe. Naongeza kwamba afisa aliondoka na kabichi kwapani.

3. Wanyama wameanza kuchukua upande. Alfajiri moja kangaruu wawili walishuka kutoka vilimani hadi kwenye ukoka wangu. Wakanusa. Wakanitazama, Mhariri, kwa huruma. Kisha wakaenda kusimama kwenye uzio wa Bi Zorka kama watu wanaosubiri duka lifunguliwe.

4. Kuhusu Maonyesho ya Maua. Nilipeleka waridi moja, lililobaki. Jaji alikohoa, petali zote zikaanguka. Utepe wa buluu wa mshindi, ambao umezoea ukuta wa sebule yangu, ukafungwa kwenye kabichi. Kabichi! Jioni ile ile Bi Zorka aliipika. Nilipomuuliza kama haoni haya kuila tuzo, alinijibu, "Utepe nimeuweka, Bwana Trewin. Ule hauliki."

5. Hili ni zito na nitalisema upesi. Waridi jekundu alilolipanda mama yangu mwaka niliozaliwa limekauka hadi mizizini. Lilipoanza kunyauka, Bi Zorka alikuja na ndoo yake hadi mlangoni. Nikamwambia, "Asante, bibi, lakini waridi hili halinywi maji ya sabuni." Akaishusha ndoo, akanitazama. "Basi linyweshe kiburi," akasema, "hicho unacho cha kutosha." Akaibeba ndoo yake akaondoka. Nililinywesha nilichokuwa nacho. Limekufa.

6. Noreen amehamia kwa Bi Zorka. Usiku bado analala kwangu, lakini mchana kutwa yuko ng'ambo ya uzio, anabeba ndoo na kucheka. Tangu Julai sijamchekesha hivyo. Nilimwita kwa upole, "Noreen, mama, hata aibu huna? Watu wanaona." Akajibu bila kugeuka, "Mwenzio anafanya kazi, Desmond. Wewe unafanya hasira. Hasira haioti."

Kwa hesabu nilizofundisha maisha yangu yote, bustani moja mbichi kati ya nyingi kavu ni kosa, na kosa hufutwa. Bi Zorka apewe hadi Jumapili aache kumwagilia. Akikataa, bustani ifunikwe kwa turubai ili wapita njia wasiumizwe macho. Akikataa na hilo, aoge kama wengine, maji yapotelee kwenye bomba kistaarabu.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, fundi wa mitambo, na mama anayepokea matangazo ya vifo.

Wako katika ukavu,
Desmond Trewin

N.B. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipotoka kufyeka ukoka uliokufa, ili afisa akirudi aone upande wangu u nadhifu. Mashine ya kukatia nyasi iligonga jiwe, ikatoa cheche. Sikuwahi kujua nyasi zinaweza kukimbia. Moto ulikula banda langu, ukala uzio, upepo ukausukuma kwa Bi Zorka. Nilikimbia nyuma ya moto nikipiga kelele jina la Noreen, maana alikuwa huko, nyuma ya matuta ya njegere. Moto ulifika kwenye njegere, ukatoa mvuke, ukafoka kidogo kama paka aliyemwagiwa maji, ukazimika. Upande wa pili Noreen alikuwa amesimama na bakuli mkononi. Nikakaa palepale kwenye majivu.

Bi Zorka alizipiga cheche zilizobaki kwa gunia bichi, akaniinua, akanipeleka jikoni kwake, akanipa supu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliuliza tu, "Jirani, siku hizi zote uko barazani unaandika. Unaandika nini?" Noreen alinitazama. Nikajibu kwamba naandika gazetini habari za bustani yake.

Alilia, Mhariri. Akasema tangu aje nchi hii hakuna aliyewahi kumwandika. Ameshasuka nywele kwa ajili ya picha, na amewapigia simu wanawe walioko Geelong wanunue nakala za Alhamisi.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, uichapishe barua hii bila kubadilisha chochote isipokuwa maana yake.