Redio ya Bibi, Pande Zote

Jumatatu, 3 Novemba

Mwalimu wa historia ametangaza kazi ya kufunga mwaka. Tunamwita Karne, maana hawezi kumaliza sentensi bila kutaja karne fulani. Darasa la sita tutaunda makumbusho ya mtandaoni. Kila mmoja achague kitu cha zamani kutoka kwao, akizunguke na kukipiga picha pande zote, kisha aandike historia yake. Programu itaziunganisha picha. Mgeni popote alipo atakizungusha kitu kwa kidole, atakivuta karibu, atauliza maswali. Maonyesho yatakayoulizwa maswali mengi yatapata alama za juu.

Alama! Hapo nikaamka. Historia nimefeli mihula miwili mfululizo. Baba ameshasema nikifeli na huu, likizo yote nitakuwa kwenye kibanda cha shangazi, dada yake, fundi cherehani. Kazi yangu: kuokota pini sakafuni. Nilishawahi kuifanya kwa siku mbili. Vidole bado vinakumbuka.

Baada ya kipindi Karne akaniita pembeni. Kumbe ni habari za suti. Alimpelekea shangazi kitambaa tangu muhula uanze, cha kahawia chenye mistari myembamba, na kila akienda anaambiwa vifungo havijafika. Mpaka leo anavaa koti lililotoboka kiwiko. Nikamkumbusha kwamba mimi na shangazi ni damu moja, suti inaweza kuharakishwa, ikiwa na alama zangu zitaharakishwa. Akanitazama sana. Akasema nirudi darasani kabla hajasahau kwamba yeye ni mtu mpole.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata kitu. Redio ya bibi! Ya mbao, kubwa, ina vitufe viwili na kitambaa kilichofifia. Ipo sebuleni tangu kabla baba hajazaliwa.

Nilimwomba bibi anisimulie historia yake. Akasema redio hiyo haijawahi kutoa sauti. Babu aliinunua ikiwa mbovu, kwa bei ya kutupwa, akaiweka dirishani. Jioni alikuwa anaiegemea, anatega sikio, anatikisa kichwa. Wapita njia wakaamini. Wakawa wanakuja kuuliza habari za leo, naye babu anawapa zozote zinazomjia kichwani. Bibi alicheka mpaka akapaliwa.

Nikamshukuru. Historia hii haifai kwa shule. Nimeandika hivi: "Redio ya kwanza mtaani. Mtaa mzima ulipata habari kupitia redio hii." Sentensi ya pili si uongo ukiitazama vizuri.

Kamusi, msichana ninayekaa naye dawati moja, ataleta pasi ya mkaa ya nyanya yake. Ameshaandika kurasa nne. Pasi! Nani atauliza swali kuhusu pasi?

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya picha. Karne alielekeza tutandaze shuka jeupe nyuma ya kitu ili kisichohusika kisionekane. Kamusi amenikumbusha mara mbili. Nikajiuliza: mpinzani ananikumbusha kwa faida ya nani? Nikatafakari, nikapata jibu. Anataka redio yangu ionekane kama maiti. Shuka nimelikataa.

Nimepiga sebuleni mama alipokuwa sokoni. Upande mmoja kiti cha bibi, upande mwingine mlango, nyuma kabati la vyombo, lile ambalo halifunguliwi mpaka aje mgeni wa maana. Kabati lina pazia mbele ya vioo. Lilikuwa linaleta giza kwenye picha, nikalivuta pembeni. Mambo safi sana. Hata maua ya kwenye sahani yanaonekana.

Ijumaa, 7 Novemba

Makumbusho yamefunguliwa. Pasi ya Kamusi: maswali tisa. Redio yangu: swali moja, kutoka kwa "Mgeni wa Mbali", akitaka kujua kwa nini onyesho hili linaishinda ile pasi. Karne alilifuta kabla ya saa sita. Sijui alijuaje kwamba Mgeni wa Mbali ni mimi.

Lazima nipate wageni. Nimetuma kiungo kwenye kundi la simu la ukoo. Nimeandika kwa unyenyekevu kwamba mtoto wenu anahangaikia masomo, tafadhali zungusheni, vuteni karibu, msiache kona, na lolote mtakaloliona ulizeni. Hata wakwe na majirani watumieni.

Shangazi alikuwa wa kwanza kujibu. Alisema Mungu anibariki, ndiyo anavaa miwani.

Jumamosi, 8 Novemba

Ushindi! Maswali yanamiminika!

La kwanza ni la shangazi. Ameuliza ile chupa ya chai iliyo kabatini nyuma ya redio, nyekundu, yenye bata wawili weupe, ni ya nani. La pili ni la binamu: je, si ile yenye kifuniko kilichomeguka? La tatu ni la baba mdogo: je, si ile iliyopotea siku ya harusi ya dada? Baada ya hapo nilishindwa kufuata, nikawa nahesabu tu. Saa sita mchana nikampita Kamusi.

Niweke kumbukumbu kwa ajili ya vizazi. Shangazi alipoteza chupa yake ya chai siku ya harusi ya dada yangu. Alimtuhumu msusi mwenye kibanda jirani na chake, aliyekuja kusaidia kugawa chai. Hawajasalimiana tangu siku hiyo. Sasa msusi naye kafikiwa na kiungo. Ameuliza swali fupi: "Haya, mwizi ni nani?" Nalo limehesabiwa.

Saa nane mama aliingia sebuleni na simu mkononi. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akafunga pazia. Kisha akakaa kwenye kiti cha bibi. Niliogopa, nakiri. Mama akipiga kelele najua pa kukimbilia, akinyamaza sijui.

Mwishowe alisema hakuiba. Chupa ilirudi na vyombo vyetu kutoka harusini, akajisemea kesho atampelekea wifi yake. Kesho ikawa wiki. Kufika wiki ya pili shangazi na msusi walishakosana, na mama hakujua ataingia vipi na chupa mkononi. Akaifunika. Alisema kila akisikia shangazi anamlaani msusi, chakula kilikuwa hakimshuki. Machozi yalimlengalenga. Nilimhurumia kwa kweli, mpaka simu ikalia. Maswali mengine manne.

Jumapili, 9 Novemba

Shangazi kaja mwenyewe, na gauni la kanisani. Hakukaa. Alifungua kabati, akaitoa chupa, akaigeuza chini na kuonyesha herufi za jina lake alizokwaruza kwa pini. Mama akaomba msamaha. Shangazi akasema, wifi, chupa si kitu, lakini muda wote huu umeniacha namnunia mtu wa watu! Mama akalia. Shangazi naye akalia. Kisha wakachemsha chai na kuinywa kutoka chupa hiyohiyo, wakaenda pamoja kwa msusi. Walirudi magharibi wakiwa wanacheka, wote watatu, nywele zao zimesukwa upya.

Mimi sikushukuriwa na mtu. Baba kasema afadhali ninyamaze.

Shangazi ameandika kwenye onyesho langu historia nzima ya chupa: ilinunuliwa wapi, lini na nani, kifuniko kilimeguka vipi, ilikaa kwa nani na kwa sababu gani. Mashahidi kawataja.

Bibi aliomba azungushiwe redio kwenye simu. Aliiangalia muda mrefu. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza imetangaza habari.

Jumatatu, 10 Novemba

Karne ametoa matokeo mbele ya darasa. Akaanza kwa kusema maswali ya redio yangu yamezidi ya darasa zima yakijumlishwa. Nikasimama. Nikainamisha kichwa kidogo kulia na kushoto, kama mtu aliyezoea.

Akasema nikae. Katika maswali yote hayo, linalohusu redio ni moja tu, la Kamusi: ilikuwa inashika stesheni gani? Na limejibiwa. Bibi, kwa simu ya mama, ameandika kwamba haikushika hata moja, na hadithi ya babu kaimwaga yote. Bibi yangu mwenyewe!

Karne akaendelea. Katika onyesho langu kuna historia moja tu yenye chanzo, tarehe na mashahidi, nayo ni ya chupa. Hivyo alama za juu kabisa za darasa amempa shangazi. Mimi nimefeli. Kamusi ndiye atakayewatembeza wageni siku ya wazazi, akishika kipaza sauti.

Nilipokuwa natoka Karne aliniuliza, kwa upole, kama vifungo vimefika.

Jumatatu, 24 Novemba

Likizo. Kibandani kwa shangazi. Pini ni nyingi kuliko nilivyokumbuka.

Lakini sijakata tamaa. Karne amenipa nafasi moja: nikitengeneza onyesho jipya, la kweli, ataifuta ile alama. Baba naye kakubali kwamba ikifutwa, pini basi. Nimechagua cherehani ya shangazi ya kukanyaga kwa miguu, aliyoachiwa na mwalimu wake wa ushonaji. Safari hii historia nimeiandika kama nilivyoambiwa, bila kuongeza neno. Makosa yangu nimeyajua: nilidanganya kwenye maelezo. Hilo halitarudiwa.

Kamusi ametuma ujumbe wa neno moja tu. Shuka. Haachi wivu huyu! Hapa vitambaa vyeupe vimejaa, ila ni vya wateja, na nyuma ya cherehani hakuna cha ajabu. Kuna kioo, na mbele ya kioo yuko baba. Amekuja kujaribu suti ambayo shangazi amemwazima kwa ajili ya harusi ya rafiki yake Jumamosi. Ya kahawia, ina mistari myembamba. Inambana kidogo tumboni ila imempendeza, na vifungo vyote vinang'aa. Nimemwambia asitikisike, onyesho linapata uhai likiwa na mtu. Akatabasamu na kuweka mkono kiunoni.

Shangazi hayupo, amevuka kwa msusi na chupa yake ya chai. Nitamshtua akirudi. Picha zimeungana vizuri, kila kona inaonekana. Kiungo nimekwisha kukituma, na wa kwanza kabisa ni Karne. Nimemwomba avute karibu.