Shingo Yangu na Shabaha ya Wifi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kocha ametangaza. Timu ya wanawake imebakiza nafasi moja. Mchujo Jumamosi: bunduki ya upepo, mita kumi, risasi arobaini. Tunaoitaka nafasi hiyo ni wawili. Mimi, mwanachama wa miaka sita. Na wifi yangu, mwanachama wa miezi mitatu.

Miezi mitatu! Na nilimleta mwenyewe klabuni, aje aone ninavyoheshimiwa.

Wifi ni msusi. Anashinda wima saluni kutwa nzima, halafu anakuja kulenga kama mtu aliyetoka kuoga. Mimi nauza miwani, nakaa kitini, na nikilenga nusu saa tu shingo inawaka moto upande wa kulia. Haki iko wapi?

Leo kaniona nikijisugua. Akasema nisiipeleke shingo kwenye bunduki, niilete bunduki usoni. Eti nipandishe kile kipande cha kuegemezea shavu. Eti kila baada ya risasi kumi niweke bunduki chini, nizungushe mabega, nipumzike. Kasema kwa upole kabisa. Upole huo ndio ulionishtua. Mtu anayeitaka nafasi yako anakuhimiza upumzike?

Nimekata shauri. Kila atakachosema, nafanya kinyume.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kipande cha shavu nimekishusha hadi mwisho. Risasi tisini, bila kupumzika. Wifi alipiga thelathini, akakaa kwenye benchi, akawa anavuta kidevu ndani polepole kama kobe anayerudi nyumbani kwake. Nikamcheka kimoyomoyo.

Shingo inauma. Lakini ni maumivu ya ushindi.

Mume wangu kauliza mbona nakula nikitazama dirishani. Nikamwambia napenda mandhari. Dirisha letu linatazama ukuta wa jirani.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimeamka shingo imekwama. Kichwa kimelalia bega la kulia, hakitaki kurudi. Nikajikaza kisabuni, nikaenda kazini.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, kaja kupimwa macho. Nikamwonyesha ubao wa herufi. Akanitazama, akalaza kichwa chake kulia kama mimi, akaanza kusoma. Nadhani alidhani ndio utaratibu. Wa pili akamwiga wa kwanza. Kufika saa nne, watu watano kwenye benchi la kusubiri walikuwa wamelaza vichwa upande mmoja, kimya, kwa adabu zote. Bosi akatoka ofisini, akapigwa na butwaa. Akaniambia nikapumzike nyumbani. Mwalimu akaombwa arudi apimwe upya.

Sikupumzika. Nimekwenda klabuni, nimepiga risasi sitini. Na ajabu! Kichwa kikiwa kimelala hivi, shavu linakaa kwenye bunduki bila taabu. Nimepata kumi mara tatu mfululizo. Huenda nimevumbua mtindo mpya. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mume wangu msaliti. Kamweleza dada yake kila kitu. Jioni wifi kaingia na taulo la moto ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwambia sina tatizo lolote. Nilimwambia huku nikilitazama friji, maana yeye alikuwa upande wa kushoto.

“Wifi, geuka basi unitazame,” akasema.

“Nakusikia vizuri tu,” nikamjibu.

Akanikalisha. Yule mtu ana mikono! Taulo dakika kumi, kisha vidole. Akapata mahali pamejifunga kama kokwa, akapabembeleza mpaka pakalegea. Akaniambia nigeuke taratibu, kushoto, kulia, nikifika panapouma nisimame, nisilazimishe. Akauliza kama mkono unakufa ganzi, maana ukifa ganzi ni hospitali moja kwa moja, si suala la taulo. Nikasema hapana. Kichwa kikarudi karibu na katikati. Nilitaka kulia kwa raha. Nikajizuia, nisimpe ushindi.

Akaniagiza nisiguse bunduki mpaka Jumamosi.

Alipoondoka nikawaza. Siku nzima bila mazoezi, kabla tu ya mchujo? Ahaa! Kumbe!

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Risasi mia na ishirini. Shingo imerudi kulekule.

Nimejitengenezea kizuizi cha shingo cha kadibodi, nimekifunika kwa skafu. Kocha kauliza kama nimepata ajali. Nikamwambia ni fasheni.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mchujo. Mimi kituo namba nne. Wifi namba tano, kulia kwangu. Baada ya risasi thelathini alikuwa mbele yangu kwa pointi mbili tu. Mbili! Tukapewa mapumziko. Wifi akazungusha mabega. Mimi nikabaki palepale kama mlingoti, nisipoteze moto.

Zikaja kumi za mwisho. Nikainua bunduki, nikaona shabaha safi, katikati ya tundu la kulengea. Kumi. Tisa. Kumi. Kumi. Sijawahi kulenga hivyo tangu nizaliwe. Nikashusha bunduki nikitabasamu. Kocha akaenda kuleta karatasi za mwisho.

Yangu haikuwa na tundu hata moja. Ya wifi ilikuwa na ishirini.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kocha akaanza kusema kwamba aliyepiga shabaha ya mwenzake anapata sufuri, sheria ni sheria. Wifi akamkatiza.

“Kocha, hebu turudie hizo kumi, sote wawili. Kesho. Leo wifi yangu mgonjwa, na wewe unamwona.”

Nikaitikia kwa kichwa, kadiri kilivyoweza.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Jana nililala na taulo la moto shingoni, bila ubishi. Leo wifi kaja mapema ukumbini, kanipandishia kile kipande cha shavu kwa mkono wake. Nikasimama kichwa wima. Bunduki ikanijia usoni. Risasi tano, tukapumzika. Tano nyingine. Hapakuuma hata kidogo. Nimepata tisini na tatu, kiwango changu cha juu kabisa.

Wifi kapata tisini na tano.

Nafasi ni yake. Mbele ya watu wote kanikumbatia, akasema kipaji ninacho, ila kichwa changu kigumu kuliko shingo. Wakacheka. Mimi pia, kidogo. Kanipa karatasi ya mazoezi: asubuhi hivi, jioni hivi, na wiki mbili bila kugusa bunduki.

Nimeisoma nyumbani mara tatu, kwa utulivu. Ina busara. Lakini kuna jambo moja hakulifikiria. Shingo yangu imevutika kulia kwa sababu miaka sita nalengea bega la kulia. Nikilengea bega la kushoto, si itavutika kushoto? Na ikivutika kushoto ya kutosha, si itakaa katikati yenyewe?

Nimeshaomba ufunguo wa ukumbi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, bega la kushoto, risasi mia mbili, bila kupumzika.

Nimeanza kumwonea wifi huruma.