Viti Viwili Vinanitosha

Kangemi,
Jumatatu jioni.

Kwa Bwana Muigai,
Mwenyekiti wa Kamati ya Familia,
Riruta.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na kaka yangu tuliyenyonya ziwa moja,

KUH: KIKAO CHENU JUU YA GARI LANGU

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na kamati yote, na kwamba chai ya kikao cha Jumapili iliwatosha. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi simu zangu mnazipokea mkiwa mmejipanga, mmoja anazungumza na wengine wote wanasikiliza.

Kwa faida ya wanakamati waliojiunga nasi kwa ndoa, acha nieleze chanzo. Mimi Debra, dada yenu, niliyestaafu juzi kutoka ofisi ya bima kule mjini, nimeuza ile staesheni wagon yangu na kununua gari la michezo la mwaka 1971. Ni la kijani, paa lake ni la turubai, na lina viti viwili. Nililinunua Parklands kwa daktari wa meno mstaafu, ambaye alilia nilipoondoka nalo, kisha akanikimbilia hadi langoni kunipa nyundo ndogo ya mbao. Pampu ya petroli ikigoma, mtu anaigonga kidogo kwa upole. Sijawahi kumiliki gari la aina hii maishani. Ni la kwanza, na nililichagua mwenyewe bila kamati.

Mmejiuliza sana kwa nini mtu mzima anunue gari la viti viwili. Jibu ni jepesi: niliwahesabu jamaa zangu, kisha nikahesabu viti. Staesheni wagon ilibeba mabibi harusi wenu, wagonjwa wenu, magunia yenu ya viazi na kwaya nzima ya akina mama. Kwa kuwa sikuolewa wala sikuzaa, mlikubaliana kimyakimya kwamba gari langu halina mwenyewe. Sasa nina gari la kunitosha mimi na mkoba wangu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kikao. Mliitana nyumbani kwako, mkafungua kwa maombi, mkalijadili gari langu mchana kutwa, na mimi sikualikwa. Nimeelezwa kwamba si desturi kuialika ajenda. Nashukuru pia kwa kuombewa. Nasikia ndugu yetu Zedekiah aliomba roho ya kiburi initoke. Roho hiyohiyo ndiyo iliyompeleka hospitali msimu mzima alipovunjika mguu, ikamngoja, ikamrudisha, na njiani ikasimama anunue mahindi ya kuchoma. Shukrani ya punda ni mateke, tunajua, lakini hata punda hafungui mateke yake kwa maombi.

2. Azimio. Mlipitisha kwa kauli moja kwamba kustaafu kumenichanganya akili na kwamba nibadilishe gari hili kwa basi dogo la abiria kumi na wanne, ili familia ipate kunisaidia kulitumia. Nashukuru kwa moyo huo wa kujitolea. Ila nakumbuka Zedekiah alipostaafu alifuga kuku, wakafa wote, na sisi tukasema anajaribu biashara. Wewe Mwenyekiti ulipostaafu ulishona suti nyeupe ya kuvaa mazishini, nasi tukakusifu kwamba imekukaa. Mimi tu ndiye niliyeitiwa kikao.

3. Mbuzi. Mkeo Joyline, shemeji yangu ninayempenda na kumwogopa, alinikuta sokoni hapa Kangemi akiwa amenunua mbuzi. Alilitazama gari, akaona kiti kimoja hakina mtu, akamaliza hesabu. Nilimfunga mbuzi mkanda, nikaja naye hadi kwako Riruta turubai ikiwa imekunjwa, na watu wote wa Kawangware wakatusindikiza kwa macho na vigelegele. Alitafuna mshono wa kiti uliodumu tangu 1971. Hata hivyo sina ugomvi naye. Ni abiria wa kwanza wa familia hii ambaye hajaniuliza kwa nini sikuolewa.

4. Heshima. Nikiegesha mjini, vijana huja kupiga picha, jambo ambalo halinikeri hata kidogo. Kinachonikeri ni kwamba wiki jana mlinzi wa Kimathi Street aliniuliza kwa adabu kubwa, "Mathe, mwenye gari amesema anarudi saa ngapi?" Najua kamati haimlipi mlinzi huyo mshahara, lakini kosa hili pia naliweka juu yenu, kwa sababu nimepata habari kwamba kikaoni mtu aliuliza ni mwanamume gani aliyeninunulia gari. Aambiwe kwamba mwanamume huyo ni mimi.

Na kwa kuwa tunazungumzia heshima: indiketa ya kulia ilikufa zamani, kwa hiyo nikitaka kukata kona hutoa mkono nje. Madereva wenzangu hudhani nawasalimu, nao hunipungia. Kwa wiki moja nimesalimiwa Waiyaki Way mara nyingi kuliko nilivyosalimiwa nyumbani kwenu mwaka mzima.

5. Utii wenu. Hili ndilo kosa baya zaidi, na mmelitenda kwa makusudi. Nilipotangaza kwamba simbebi mtu tena, mlitii! Familia ambayo haijawahi kutii daktari, mchungaji wala chifu, imenitii mimi kwa siku moja. Zamani simu yangu ilianza kulia kabla sijavaa viatu, na ile hasira ya asubuhi ilinitia nguvu hadi jioni. Sasa hailii. Juzi nilisikia kwa jirani, kwa jirani, Muigai, kwamba mdogo wetu Cate alimpeleka Mama kliniki kwa teksi. Niliumia, na sioni haya kusema hivyo. Sikusema mniache. Nilisema msinibebeshe. Mtu mwenye akili timamu angeiona tofauti hiyo bila kuandikiwa barua.

6. Harusi. Mpango wa msafara wa Jumamosi umenifikia. Bibi harusi, binti yako Jacklyne, niliyekuwa nampeleka shule kila asubuhi tangu chekechea, ambaye alijifunza kusoma kwa kutaja mabango ya barabarani akiwa kando yangu, atapelekwa kanisani kwa gari jeupe la kukodi. Gari langu halimo kwenye msafara kwa sababu, namnukuu Mwenyekiti, litatutia aibu kwa wakwe. Mimi mwenyewe nimepangwa katika basi, nyuma kabisa, pamoja na kreti za soda. Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi.

Kwa hayo yote, naiomba kamati kwa heshima na taadhima ifanye mambo mawili. Kwanza, ifute azimio lake na mtu mmoja aje kuniomba msamaha, asiwe Zedekiah, kwa maana ataomba na maji ya kunywa, na chakula, na mwisho apelekwe nyumbani. Pili, itangaze mbele ya watu wote kwamba kiti cha pili cha gari langu si cha mtu yeyote, awe wa damu, wa ndoa au wa kununuliwa sokoni, tangu leo hadi Bwana atakaporudi. Msinihitaji, nami siwahitaji. Nimefika umri wa kuwasha gari langu na kwenda zangu.

Nisalimie Mama, umwambie nitakuja kumwona ingawa hakuna aliyeniita. Nisalimie Joyline na watoto, na Cate, na Zedekiah hata hivyo, na wote waliopiga kura dhidi yangu kwa mikono miwili.

Ndimi dada yako, mwenye gari,

Debra.

Tanbihi: Nilikuwa naifunga bahasha Jacklyne alipobisha hodi. Hataki gari jeupe. Anasema asubuhi hiyo anataka kukaa kando yangu kama alipokuwa akienda shule, kwa sababu huenda akalia njiani, na mimi huwa siulizi. Sikuweza kukataa, kaka. Tumelijaribu gauni na linaingia, ila sehemu ya nyuma italazimika kukaa mapajani mwangu. Wewe baba yake utakwenda na basi. Sasa limebaki jambo moja dogo. Gari hili haliwaki asubuhi mpaka lisukumwe. Hapa kwangu kuna mteremko, huliachilia tu likateremka likawaka, lakini kwako, ambako nitalilaza Ijumaa usiku, ni tambarare kama meza. Kwa hiyo naiomba kamati nzima ikutane tena Jumamosi asubuhi, langoni, makoti yakiwa yamevuliwa, ilisukume kuelekea Naivasha Road. Watu wanne wanatosha kulisukuma, lakini tafadhali mje wote.