Nyama Yenye Ua

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimelifungua jiko. Zuri mpaka naona haya kulishika! Halitaki makaa. Linakula vidonge vya mbao, unga wa randa uliogandamizwa, na linajilisha lenyewe kwa umeme. Kazi yangu ni kubonyeza tu. Yule Mzungu niliyemtunzia nyumba aliniachia alipohama, likiwa bado kwenye boksi lake, pamoja na magunia ya vidonge. Alisema ni shukrani. Nadhani lilimshinda kubeba.

Mpango huu hapa. Ijumaa jirani yangu Bi Shekha anasoma hitima ya mumewe, marehemu Mzee Bwanaheri. Pilau itapikwa kama desturi. Nimekwenda kumwomba aniachie mapaja na mbavu za mbuzi nizichome mimi. Sababu sikumwambia. Sababu ni binti yake Fahima, mwalimu wa chekechea, ninayetaka kumposa kabla mwaka haujaisha. Mama akiisifu nyama yangu mbele ya wageni, posa nusu imeshakubaliwa.

Bi Shekha akaniambia alikuwa amemuwazia Abdillahi. Abdillahi! Muuza mishikaki wa kando ya msikiti, mwenye pipa lililopasuliwa na makaa ya vifuu vya nazi. Tena naye hajaoa, na Fahima hununua mishikaki kwake. Nikamwambia Bi Shekha kuwa dunia imekwenda mbele. Akacheka, akakubali. Alisema ananiamini, nimekulia mlangoni pake.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya jaribio. Nikamwalika Abdillahi aje ajionee mwisho wa biashara yake. Kosa!

Nyama ilikuwa laini, hilo hata yeye alikiri. Moshi umeingia mpaka mfupani. Lakini rangi! Kama mgonjwa aliyeruhusiwa jana. Abdillahi alitafuna, akashukuru, kisha akauliza kwa adabu kabisa nitaanza saa ngapi kuichoma.

Akanieleza nisichomuuliza. Joto la jiko hili linazunguka tu, haliipigi nyama kutoka chini, ndiyo maana haipati ngozi. Niitoe ikishaiva, niipitishe kidogo juu ya makaa ya vifuu. Akajitolea kuja na pipa lake Ijumaa, bure. Nikasema ahsante, sina haja. Alipoondoka alibeba kipande. Nilimwona kwenye kona akimpa paka. Paka naye alinusa kwanza.

Jumatatu, 11 Agosti

Kutwa nzima video. Dawa ipo! Ni wavu mzito wa chuma wa kubabulia nyama. Unauweka ndani ya jiko, unauacha ushike moto sawasawa, kisha unalaza nyama juu yake. Chuma kinahifadhi joto na kulitia nyamani kwa mpigo. Nyama inapata ngozi na mistari. Nusu ya watu kwenye video wanasema kwa jiko la vidonge ni kujisumbua bure. Nusu wanaapa kuwa ni ajabu. Nimewaamini walioapa.

Wavu wenyewe huuzwa ng'ambo, na hitima ni Ijumaa. Nikaenda kwa Thoya, fundi wa kuchomea vyuma. Ana kazi za watu mpaka wiki ijayo. Akataka kujua wavu ni wa nini. Nilipomweleza akaniuliza kwani makaa yameisha Malindi. Mji huu una wazo moja tu!

Jumanne, 12 Agosti

Mungu humpa mja wake asipotarajia. Nyuma ya nyumba ya Bi Shekha kuna grili za madirisha, zimeng'olewa zipakwe rangi kabla ya hitima. Zimeegemezwa ukutani. Chuma cha zamani, kizito, kila moja ina ua kubwa lenye majani manane. Moja kati ya hizo ua lake lina jani lililopinda. Kazi mbovu! Fundi alisinzia. Nikafikiri: hii haiwezi kurudishwa dirishani, ni ya kutupwa. Nikachukua hiyo hiyo mbovu, kwa huruma.

Bi Shekha alikuwa amejipumzisha, sikutaka kumsumbua. Isitoshe, sijaiba. Nimeazima bila kusema. Nikaleta mkeka wangu, nikaiviringisha humo. Langoni nikakutana na Fahima. Akauliza mkeka huo unakwenda wapi. Nikasema naupeleka msikitini, nimeutoa sadaka. Akaniombea Mungu aniandikie thawabu. Uso uliniwaka mpaka nyumbani.

Jumatano, 13 Agosti

Haiingii jikoni. Nilipaswa kupima kwanza. Nikaikata pande zote mbili kwa msumeno wa chuma, likabaki ua peke yake katikati. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kuwa niliazima. Nilikaa chini kitambo.

Basi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikachoma rangi ya zamani mpaka ikatoka yote. Moshi wa kijani! Majirani walifunga madirisha, wenye madirisha. Nikasugua kwa mchanga, nikasugua tena, kisha nikalaza kipande cha nyama.

Ule mlio! Chwaaa! Nilipoigeuza nilitaka kulia. Ngozi ya kahawia, inavunjika kwa meno, ndani laini. Na juu yake, limechapwa waziwazi, ua zima na majani yake manane. Abdillahi kwisha!

Jioni Bi Shekha alipita nyumba kwa nyumba akiulizia grili yake. Nilimwambia labda ni wale wanunuzi wa vyuma chakavu. Kisha, Mungu anisamehe, nikamsaidia kutafuta. Nilichungulia nyuma ya tangi. Nilichungulia hata bandani mwa kuku. Fahima akamletea mama yake kiti, maana alikuwa amechoka. Nilijionea aibu. Lakini ningesema nini? Ningeirudisha vipande vitatu?

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui niandike vipi.

Hitima ilisomwa baada ya sala. Masinia yakatoka. Nyama yangu ilikuwa juu ya pilau, kila kipande na ua lake. Wazee walisifu! Mmoja aligeuza kipande chake kwenye mwanga, akasema tangu azaliwe hajala nyama iliyotariziwa. Abdillahi alionja, akanipa mkono, akasema kwa ukweli wote kuwa nimemshinda. Nilinenepa palepale.

Kisha sinia likaingia kwa wanawake. Sauti za ndani zikakatika.

Bi Shekha akatoka mpaka mlangoni, ameshika kipande kimoja kwenye sahani. Nikajua ndizo sifa zenyewe. Nikasimama. Nikaweka kofia yangu sawa!

Hakupaza sauti. "Muzammil mwanangu, jani hili lililopinda alilipinda marehemu siku aliyozaliwa Fahima. Aliitwa chuma kiko moto, akakitupa akakimbia. Akakataa kulinyoosha maisha yake yote."

Uwanja mzima ukatazama nyama mkononi. Kila mtu alikuwa na jani lake lililopinda.

"Dirisha langu liko wapi?"

Mzee Bwanaheri alikuwa fundi. Nilijua. Mtaa mzima unajua. Niliwahi kumshikia ngazi! Na sikufikiri hata mara moja grili za nyumba yake alizifanya nani.

Nikafunua jiko, nililolileta hapo uwanjani asubuhi. Ua lilikuwemo, limeiva. Halishikiki kwa moto. Ikabidi wote tungoje lipoe, wageni wa hitima wameshika vipande vyao, feni ya jiko inavuma, kioo kinaonyesha joto likishuka tarakimu moja moja. Sijawahi kuona kitu kinachopoa polepole vile. Ningekuwa na pa kuingia, ningeingia ndani ya lile jiko nikafunga kifuniko.

Fahima aliuliza neno moja tu. "Na mkeka?" Nikainamisha kichwa. Akarudi ndani.

Na wavu usingefanya kazi, hakuna ambaye angejua. Ulifanya kazi mno!

Jumamosi, 16 Agosti

Thoya ameacha kazi za watu, ameunganisha grili. Nilipokwenda kuomba nilikuwa na hotuba tayari, akaniambia habari ameshazipata. Abdillahi alikuja kushikilia vipande, hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Viungo vinaonekana, vina uvimbe kama kidonda kilichopona vibaya. Jani lililopinda limekuwa jeusi.

Nikaipeleka mwenyewe kwa Bi Shekha, mchana kweupe, bila mkeka. Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, mpaka banda la kuku. Akaipapasa ile grili kiungo kwa kiungo. Alilia kidogo, nami nikalia. Kisha akasema adhabu yangu ni kupaka rangi grili zote za nyumba kwa mkono wangu. Akanipa ufunguo wa lango la nyuma.

"Nakupa ufunguo ujue kuwa bado nakuamini."

Sikustahili. Nimeapa. Kuanzia leo sigusi kitu cha mtu, na jiko lile naliuza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepaka tangu asubuhi. Rangi ya kijani, kila grili mara mbili. Nimelifikia ua la Mzee Bwanaheri kwa adabu, nimelipaka jani lake kwa brashi ndogo. Fahima alipita akaniitikia salamu. Ameniitikia! Lakini alikuwa na sahani iliyofunikwa, na alielekea upande wa msikiti. Kwa Abdillahi.

Nimekaa nikafikiri bila hasira. Wavu haukuwa na kosa. Nyama ilisifiwa na wazee, Abdillahi mwenyewe alikiri. Kilichoniponza ni lile ua tu.

Grili ya mwisho ni ya dirisha la bafu, nyuma kabisa, ninakopita mimi peke yangu mwenye ufunguo. Nondo nene, zimenyooka, sambamba. Haina ua. Haina jani. Nondo ni nondo, nani atazitambua nyamani?

Sijaigusa. Nimeipima kwa shubiri tu. Inaingia jikoni bila kukatwa.